Gazeti la Kwetu na Uhuru wa Mwandishi Mwafrika Mjini Dar es Salaam, 1937–1951

Katika historia ya maandishi ya Kiswahili ni desturi kuwataja wenye vipaji, na kutouliza karatasi waliyoiandikia ilikuwa mali ya nani. Swali hilo lina uzito, hasa mahali ambapo watu wametengwa kwa rangi. Makala haya yanalichunguza kwa kulitazama gazeti la Kwetu, lililotolewa na Erica Fiah mjini Dar es Salaam tangu mwaka 1937 mpaka mwaka 1951.

Fiah alikuwa Mganda aliyehamia Tanganyika, akawa mwenye duka, na mawazo ya Marcus Garvey juu ya mtu mweusi kujitegemea yalimwathiri sana. Mwaka 1934 aliongoza kuanzishwa kwa chama cha Waafrika cha ustawi na biashara, na miaka mitatu baadaye akatoa gazeti lake. Mambo Leo lilikuwako tangu mwaka 1923, nalo lililea washairi wengi; walakini mwenyewe alikuwa Serikali. Humo Mwafrika alikaribishwa kama mgeni: aliweza kusema, ila mwenye nyumba ndiye aliyechagua mazungumzo. Basi jina la Kwetu peke yake lilikuwa hoja.

Ili kuifahamu hoja hiyo yapasa kuufahamu mji. Chini ya Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa katika sehemu tatu kwa kufuata namna ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa. Hapakuwa na haja ya kutaja rangi ya mtu. Maadam mshahara wa Mwafrika haukutosha kujenga nyumba ya namna ya Kizungu, kanuni ya ujenzi iligeuka kanuni ya rangi. Wazungu walikaa Oyster Bay. Waafrika wengi Kariakoo na Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukatenga Kariakoo na mitaa ya biashara. Mji ulipofurika baada ya Vita Kuu ya Pili, vitongoji vya Waafrika viliongezwa nje ya mji wa zamani, navyo ni Temeke, Magomeni na Kinondoni.

Uchapishaji wa vitabu ulikuwa na kanuni iliyofanana na hiyo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilipewa kazi ya kusanifisha Kiswahili na kuidhinisha vitabu vya shule. Katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Faida ya kazi yake haikanushiki, kwa kuwa tahajia tunayoiandika leo ni tunda lake. Lakini kitabu kilichotaka kuingia shuleni kilipaswa kupita mlango wake, na aliyesimama mlangoni hakuwa mwenye lugha. Kwetu haikupita mlango huo. Ilitegemea mfuko wa mwenye duka na senti za wasomaji, na kwa ajili hiyo iliweza kuuliza juu ya mishahara, kodi, elimu na dharau ambayo Mwafrika alitendewa katika nchi yake.

Haifai, hata hivyo, kumfanya Fiah malaika. Alipodai haki ya Waafrika alidai pia nafasi ya mfanyabiashara Mwafrika, na kurasa za Kwetu zina maneno makali juu ya wenye maduka Wahindi. Humo madai ya usawa na ushindani wa soko yamefungamana, wala si rahisi kuyatenga. Mji uliomhesabu kila mtu kwa rangi ulimfundisha hata mlalamikaji kuhesabu vivyo hivyo. Mwanahistoria hana budi kuyasoma yote mawili pamoja.

Kumiliki gazeti hakukuwa kinga kamili. Mwaka 1958 wahariri wawili wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi. Mwaka huo huo Julius Nyerere alitozwa faini kwa maneno yaliyotoka katika Sauti ya TANU. Mwandishi asiyeweza kuzuiwa mlangoni aliweza kufikishwa mahakamani.

Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, kilichoingia Chuo Kikuu mwaka 1964, kilirithi kazi ya Kamati ile. Urithi huo una deni. Mwenye kutafuta historia ya maneno kama haki, taifa na ubaguzi katika vitabu vilivyoidhinishwa tu, atapata Kiswahili cha mgeni mwenye adabu barazani kwa watu. Kiswahili cha mwenyeji aliyekasirika kimo katika magazeti, na magazeti huchakaa upesi kuliko vitabu. Hata leo mwandishi wa Temeke au Kinondoni anayelipia uchapaji kwa fedha yake, na kuuza kitabu chake kwa mkono wake, aghalabu hukosa kutajwa katika orodha za wataalamu. Kukusanya na kuhifadhi maandishi ya namna hiyo ni sehemu ya uchunguzi wa lugha, wala si kazi ya pembeni.