Keki ilifika Mpanda baada ya tarehe

Bethdei ya kwanza kusherehekewa Tanganyika nzima ilikuwa ya mtu ambaye hakuwahi kukanyaga hapa. Enzi za Wajerumani, kila 27 Januari askari walipiga gwaride kwenye maboma, bendera zikapandishwa na watu wakacheza ngoma, kwa kuwa siku hiyo, mwaka 1859, Kaiser Wilhelm II alizaliwa Berlin. Waingereza walipoichukua nchi walibadilisha mwenye sherehe tu: ikawa siku ya kuzaliwa ya mfalme, baadaye ya malkia. Na yule aliyekuwa akipiga ngoma, ungemwuliza yeye mwenyewe alizaliwa lini, angekutajia mwaka wa njaa, au wa nzige, au wa vita.

Uhuru ukaifuta sherehe hiyo, wala hatukuweka nyingine mahali pake. Mwalimu Nyerere alizaliwa 13 Aprili 1922, lakini tunapumzika 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999. Mzee Karume tunamkumbuka 7 Aprili, siku aliyouawa mwaka 1972. Siku za kuzaliwa zilizo kwenye kalenda ya mapumziko ya serikali ni mbili, Krismasi na Maulidi. Nchi hii ilizoea kumhesabu mtu akishaondoka.

Ndiyo maana msichana wa kidato cha tatu wa Mpanda anayerusha kwenye simu picha ya keki, maputo na gauni alilokodi anawashangaza wakubwa. Huambiwa ni anasa, ameiga Wazungu. Sikubaliani na neno anasa. Watu wanaounda kamati ya harusi yenye mwenyekiti, mweka hazina na kadi za michango hawana mdomo wa kumsema mtoto kwa keki ya kilo moja. Ukarimu wa kupitiliza tunao tangu zamani. Kigeni ni huyu aliyekaa katikati: mtoto ambaye hajaoa, hajaolewa, hajapata kipaimara wala hajafaulu mtihani, anayepongezwa kwa kuwa tu alizaliwa.

Ili aketi hapo, ilibidi kwanza apate tarehe. Kwa Katavi, mkoa wa Mpanda, habari hiyo inaanzia Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walijenga kituo hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 kikaingia mikononi mwa Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadre Weupe. Misheni ilileta daftari la ubatizo, na daftari lilitaka siku, mwezi na mwaka. Mwaka 1889 alifika hapo Adrian Atiman, mtu wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre na kusomea uganga Malta. Alikaa Karema akiwa katekista na daktari mpaka alipofariki mwaka 1956. Kwa miaka 67 alihudumia watoto wa watu, na mwaka aliozaliwa yeye hukadiriwa tu.

Hata hivyo daftari halikuleta bethdei. Lilileta somo, yaani mtakatifu wa jina lako. Mtoto aliyebatizwa Yosefu alikuwa na sikukuu yake 19 Machi, yeye pamoja na kina Yosefu wote wa parokia, vikongwe na wanaonyonya. Ilikuwa siku ya jina, nayo ilikuwa ya wengi kwa pamoja. Wakatoliki wa umri mkubwa bado hutakiana heri ya somo, na wapo wanaoikumbuka kuliko tarehe iliyo kwenye kitambulisho.

Reli ndiyo iliyoifanya Mpanda kuwa mji. Ilijengwa kutoka Kaliua, takriban kilomita 210, mwishoni mwa miaka ya 1940, ikifuata madini ya risasi ya Uruwira. Mgodi ulifungwa, treni ikabaki. Sukari na unga wa ngano vikawa vinafika kwa behewa, ingawa si kila wakati. Baada ya vita vya Kagera, mpaka katikati ya miaka ya 1980, sukari ilikuwa habari ya foleni, na mwaka 1983 serikali, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, iliwakamata walioitwa wahujumu uchumi kwa kuficha bidhaa za namna hiyo. Keki ni sukari, ngano, mayai na siagi. Kwa mama wa miaka ile, kuimalizia sukari ya mwezi kwenye sinia moja kwa ajili ya mtoto aliyefikisha miaka saba kungekuwa kituko.

Televisheni ilichelewa Tanzania Bara kwa makusudi. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, huku kwetu vituo binafsi vikaanza mwaka 1994. Mpanda, iliyoishi miaka mingi kwa jenereta za TANESCO nje ya gridi ya taifa, iliona mengi kupitia mabanda ya video. Vyombo vya vijana vilipokuja, vilikuja na sura mbili. Mwaka 1999 lilianza jarida la Femina, lililogawiwa bure mashuleni, likizungumza na wanafunzi juu ya mapenzi, Ukimwi na maisha bila kuwafokea. Mwaka 2011 wenye jarida hilo walirusha Ruka Juu, shindano la televisheni la vijana wajasiriamali. Huku upande wa pili, mwaka 2005, MTV ya Marekani ilianzisha My Super Sweet 16, kipindi cha watoto wa matajiri wanaofikisha miaka 16 na kulia wakipewa gari la rangi wasiyoitaka. Mwaka huohuo MTV Base ikaanza kurusha matangazo Afrika. Kipindi kimoja kilimwuliza kijana atapata wapi mtaji, kingine kilimwonyesha mtu asiyehitaji kuuliza.

Sidhani kwamba watoto wengi wa Mpanda waliitazama hiyo Sweet 16. Dishi la kulipia lilikuwa la nyumba chache. Lakini mtindo haukuhitaji dishi. Mastaa wa Bongo Fleva na Bongo Movie waliuchukua, magazeti ya udaku yakauuza, kisha simu zikaumaliza ubishi. Halotel, iliyoanza mwaka 2015, ilisukuma minara yake mpaka vijijini. Keki ikawa na hadhira kabla haijakatwa.

Vikao vinapozungumzia wasichana wa Katavi, neno tamaa halikosekani: tamaa ya simu, ya chipsi, ya lifti ya bodaboda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kwamba, kati ya wasichana 100 wa mkoa huu wenye miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Kitaifa walikuwa 27, na hakuna mkoa uliozidi Katavi. Tamaa ipo, siikatai. Ila msichana anayepanga geto kwa sababu shule iko mbali na kwao, anayejipikia na kujitafutia sabuni, hakuharibiwa na video ya maputo. Chipsi anazipenda kwa kuwa ana njaa.

Na tarehe ile ya daftarini, tunayoipuuza kwa kuiona ya keki tu, kwake ina uzito mwingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Julai 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vinavyoruhusu hivyo vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Lakini miaka 18 ambayo mahakama zilitaka unaithibitishaje? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto 16 tu kati ya 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamesajiliwa. Mwaka 2013, kuanzia Mbeya, RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ilianza kutoa vyeti vya kuzaliwa bure kwa watoto wa umri huo kliniki na ofisi za kata. Kabla ya hapo wengi walitegemea kadi ya kliniki, kama haikuliwa na mchwa.

Wasio na pesa ya keki nao wana bethdei yao. Haikutoka Ujerumani wala MTV. Ukitoka darasani siku yako, wenzako wanakungoja nyuma ya bweni na ndoo. Unamwagiwa maji, na wakiwa wanakupenda sana, unga na mayai pia. Walimu hugomba, sare huanikwa, na kiangazi kikikaza yupo wa kulalamika kwamba maji yale yalichotwa mbali. Ukiwaficha tarehe watakupata tu. Monita anaijua, iko kwenye rejista.