Kindege cha mbao kilichowapa watu wazimu wa anga

Wadau, 1925 Waingereza walitoa Moth, kindege cha mbao na kitambaa, viti viwili, juu wazi. Mabawa yanakunjwa, unakivuta na gari mpaka nyumbani! Injini ya kwanza walikata ya Renault ya vita, silinda nane zikabaki nne. Ufundi wa gereji kabisa.

Huku Kenya mwindaji mmoja wa Kizungu akanunua chake, akawa anampaisha mpenzi wake mwenye shamba la kahawa Ngong. Bibie baadaye aliandika kwamba shambani hakupata raha iliyoizidi hiyo.

Mei 1931 jamaa akaruka kutoka Voi, ndege ikaanguka, ikawaka moto. Yeye kazikwa Ngong, watalii wanaenda kuona. Mkikuyu aliyekuwa mtumishi wake alikufa humohumo, na wengi wanaosimulia hawamtaji hata jina.