Msomaji kama Shahidi: Maktaba na Jamii za Mtandaoni

Makala haya yanachunguza suala moja katika historia ya maktaba: ni nani mwenye mamlaka ya kuieleza kumbukumbu iliyohifadhiwa? Kwa muda mrefu mkutubi aliandika katalogi, naye msomaji akaipokea. Mitandao ya kijamii imeutikisa uhusiano huo, na mfano ulio bayana ni wa Maktaba ya Bunge la Marekani.

Mnamo tarehe 16 Januari 2008, maktaba hiyo iliweka picha zipatazo 3,000 katika mtandao wa Flickr. Karibu nusu yazo zilitoka katika shirika la habari la Bain la New York. Maelezo yake yalikuwa yamenakiliwa jinsi yalivyo kutoka kwenye negativu, bila ya kuhakikiwa. Pengine lilikuwapo jina la ukoo tu. Wasomaji wakaalikwa kusema walichokijua. Kufikia Oktoba mwaka huo, walikuwa wameandika maoni 7,166 na kuongeza lebo zaidi ya 67,000. Walitambua watu, majengo na matukio, baadhi yao wakitoa magazeti ya zamani kuwa ithibati. Wakutubi nao wakayapima madai hayo na kurekebisha rekodi zaidi ya 500. Yaani, mkutubi hakuondolewa kazini, aligeuka mhakiki.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hatalistaajabia jambo hili. W. E. Taylor alipoyashughulikia mashairi ya Muyaka bin Haji huko Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alitegemea sana kumbukumbu na ufafanuzi wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Hata hivyo, diwani ilipochapishwa mwaka 1940, mhariri wake alikuwa William Hichens, naye Mwalimu Sikujua angali hajulikani sana nje ya duru za wataalamu. Dosari iyo hiyo imejipenyeza katika mfano wetu: rekodi zilizorekebishwa hutaja mradi wa Flickr kuwa chanzo cha habari, ila aghalabu si mtu aliyezitoa.

Hoja yetu, basi, ni kwamba haitoshi maktaba kufungua ukurasa mtandaoni na kuhesabu wafuasi. Haina budi kuuliza swali mahususi, kuyapima majibu, na kuyaingiza katika katalogi yake yenyewe pamoja na jina la shahidi, akiridhia. Tovuti ni mali ya kampuni, na kampuni hufungwa.

Hapa kwetu suala hili halina subira. Zimo katika hifadhi picha nyingi za enzi ya ukoloni ambamo mpiga picha katajwa kwa jina, na aliyepigwa katajwa kwa kabila. Wanaoweza kuwatambua watu hao ni wazee. Wajukuu wao ndio walioko mitandaoni. Maktaba inaweza kuwakutanisha wangali hai.