Tangu Upatu Hadi Daftari: Akina Mama wa Gombani na Vyombo vya Nyumba



Katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi tumetakiwa tuandike historia. Mambo ya uongozi na katiba yana kurasa zake. Sisi tumechagua jambo ambalo wengine hulichekea: kitanda, kabati, godoro na masufuria. Fedha nyingi za mwanamke mwenye kipato kidogo hapa Gombani zimepitia humo, na anayetaka kujua kwa nini tuliungana, basi atazame chumbani mwetu kwanza.

Enzi za bibi zetu vyombo vya nyumba vilikuwa vichache na vingi vilitengenezwa hapa hapa kisiwani. Kitanda cha kamba, mkeka wa ukili, godoro la sufi, mtungi, kawa na mbuzi ya kukunia nazi. Samadari ilikuwa ya wenye nacho. Biharusi akinunuliwa vitu kwa mahari yake, na vilivyopungua vikitafutwa na mama, mashangazi na majirani. Ada hiyo ya mahari kugeuka kitanda na kabati ipo hadi leo, na dini iko wazi juu yake: mahari ni mali ya mwanamke, na alichokinunua kwa mahari yake ni chake. Tunaomba msomaji alishike neno hili, tutalirudia.

Fedha taslimu zilitoka kwenye karafuu. Msimu ukifika mama akichuma na kuchambua, akapata ujira wake. Msimu ukiisha, mkono mtupu. Mwenye haja akikopa dukani kwa kutegemea mavuno yajayo, au akiweka bangili rehani. Madeni ya namna hiyo yaliwaelemea wenye mashamba Unguja na Pemba mpaka Serikali ya kikoloni ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia mashamba yasichukuliwe na wadai. Ugomvi ukakua, na mwaka 1937 wafanyabiashara wa Bara Hindi wakaanza kuzigomea karafuu zetu. Hayo ndiyo madeni yanayosimuliwa. La mama aliyekopa sufuria halina msimulizi.

Kwa hivyo wanawake walicheza upatu. Jina hili ni la sahani ya shaba inayopigwa katika ngoma, na mchezo wenyewe kila mtu anaujua: tuseme wanawake kumi, kila mmoja atoe 10,000 kwa mwezi, kijumbe akusanye, na kila mwezi mmoja aondoke na 100,000. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna kuulizwa "unakwenda kufanyia nini?" Vitanda vingi vya Gombani vimelipiwa kwa upatu, wala hatukubali mtu aje audharau leo kwa kuwa amehudhuria semina. Lakini una mipaka yake. Wa kumi hangoji faida yoyote, anangoja zamu tu. Mtoto akiugua mwezi wa tatu na zamu yako ni ya nane, utakwenda kumbembeleza mwenzako mbadilishane, naye akiwa na harusi, ndio basi.

Katikati ya miaka ya 1980 mambo yalibadilika mara mbili kwa pamoja. Bei ya karafuu katika soko la dunia iliporomoka, kwa sababu Indonesia, aliyekuwa mnunuzi mkubwa, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake. Wakati huo huo biashara ikafunguliwa, na bidhaa za Dubai zikajaa madukani. Ikawa kipato kinashuka na vya kutamaniwa vinaongezeka! Godoro la sponji likalifukuza la sufi. Seti ya kitanda, kabati na meza ya kujitazamia ikawa ndiyo heshima ya biharusi. Wenzetu wa pwani, kama Tumbe na Kisiwa Panza, walipata mlango mwengine: kilimo cha mwani, kilichoanza Zanzibar mwaka 1989, kiliwapa wanawake fedha zao wenyewe, na nyingi zilikwenda kwenye vyombo na skuli za watoto. Sisi wa Gombani hatuna mwani. Tulibaki na maandazi, ushoni, ukili na vibarua vya msimu.

Kisha mwaka 2010 umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ukafika Pemba, baada ya miaka ya kutegemea majenereta ya Wesha. Friji ikaingia katika orodha.

Sasa mtu wa kipato kidogo akitaka vitu hivi apate wapi msaada? Benki inataka slipu ya mshahara. Mikopo ya mifuko ya uwezeshaji kwa kawaida ni ya biashara, na si ajabu. Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa Sh. 20,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, imewasaidia bibi zetu, lakini godoro halinunuliki kwa mwezi mmoja. Aliyebaki ni muuzaji wa kukopesha, anayepita mlangoni na mazulia na masufuria: chukua leo, lipa kidogo kidogo. Tuseme godoro la 150,000 taslimu, kwake litafika 220,000. Hakulazimishi, tena mtu mcheshi, lakini siku ya kulipa ikifika watu hujificha uani.

Kuweka na kukopa kwa sanduku hatukukubuni sisi. Mtindo huu wa hisa, sanduku la kufuli tatu na mgao wa mwisho wa mwaka ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa Maradi waliosaidiwa na shirika la CARE. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaingia Unguja katika vijiji vya Jozani, hatimaye ukavuka hadi kwetu. Uzuri wake ni kwamba mwenye shida hangoji zamu, anaomba. Na faida inarudi kwa hao hao waliotoa.

Hata hivyo, suala la vyombo lilituletea mabishano makubwa kuliko yote. Wapo waliosema mkopo uwe wa biashara tu: "Kitanda hakizai." Mwenye genge akikopa, pesa inarudi na mwenzake, mwenye kukopa kabati amezika pesa ndani ya mbao. Neno zito hilo, na waliolisema hawakuwa wachoyo, walikuwa wanalinda sanduku. Upande wa pili ukajibu kwamba mwanamke tuliyemnyima hakukaa bila ya godoro. Watoto hawalali chini masika yote, nyumba ina unyevu. Alikwenda kwa muuzaji wa kukopesha, akalipa ile tofauti ya 70,000, na hisa zake kwetu zikasinyaa. Tena friji inazaa, mtu anauza barafu, malai na juisi. Kwa hiyo pesa tulikuwa hatuilindi, tulikuwa tunaipisha tu iende nje. Kwetu sisi tunaoandika, jibu hilo ndilo lililoshinda.

Likabaki suala la riba, na hapa Pemba huwezi kuliruka. Tukafuata murabaha, ambayo watu waliizoea zaidi tangu Benki ya Watu wa Zanzibar ilipofungua huduma za Kiislamu mwaka 2011. Mwanachama hapewi fedha mkononi. Wawili wetu huenda naye kwa seremala au dukani, kikundi kinanunua na kukabidhiwa kitu, halafu kinamuuzia kwa bei iliyotajwa mbele ya wote. Bei hiyo haiongezeki hata akichelewa kulipa. Faida ni ndogo na inaingia katika mgao. (Mafundi wetu wa mbao za mfenesi mtusamehe, siku hizi hatulipi chote mpaka mlango wa kabati ufunge.)

Na hapa turudi kwenye lile neno la mahari. Kitanda kilichonunuliwa kwa mahari kina mwenyewe. Je, kabati lililonunuliwa miaka sita baadaye, kwa pesa za maandazi? Ndoa ikiwa njema hakuna anayeuliza. Ikija talaka, mwanamke hutoka na sanduku la nguo na maneno ya mashahidi. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 imempa Kadhi uwezo wa kusikiliza madai ya mgao wa mali za wanandoa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Mchango unataka ushahidi, na upatu ulikuwa hauachi hata karatasi moja.

Ndiyo maana mshika fedha wetu anakuwa mkali. Risiti huandikwa jina la mwanamke mwenyewe, kama lilivyo katika kitambulisho chake, pamoja na aina ya kitu, bei na tarehe, na hubanwa ndani ya daftari lake la hisa. Nakala moja hubaki sandukuni. Anayekuja na risiti ya jina la "Mama Fulani" hurudishwa dukani siku hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha.