Mchujo wa Shule Nakuru
Enzi za ukoloni, shule za serikali Nakuru zilimchuja mtoto kwa rangi kabla hajashika kalamu: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Baada ya uhuru mchujo ukawa wa alama, na kuanzia 1985 hadi 2023 KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ndiyo iliyokuwa mizani ya kuingia sekondari yenye jina. Watasema mtihani haukujua kabila wala mfuko. Lakini mtoto wa Molo aliyesoma kwa koroboi alipewa karatasi ileile na mwenzake wa mtaa wa Milimani mwenye stima, na huo si usawa. Tangu 2023 sekondari msingi za umma zimo ndani ya shule za msingi. Kwa hiyo, kwa ngazi hiyo, mzazi asiulize jina la shule tena. Afungue mlango wa maabara, kama ipo, atazame kama bomba linatoa maji, na aulize kama mwalimu wa sayansi ameajiriwa kwa kudumu au ni mwanagenzi.