Descendants (mfululizo wa filamu)

Descendants ni mfululizo wa filamu za muziki kutoka Marekani, zilizotengenezwa na Disney kwa ajili ya watoto na vijana. Filamu ya kwanza ilionyeshwa katika Disney Channel tarehe 31 Julai 2015, ikafuatwa na ya pili mwaka 2017 na ya tatu mwaka 2019. Zote tatu ziliongozwa na Kenny Ortega, na hadithi zake ziliandikwa na Josann McGibbon na Sara Parriott. Ya nne, Descendants: The Rise of Red, ilitoka Julai 2024 kupitia Disney+ chini ya mwongozaji Jennifer Phang.

Hadithi inaanzia pale ngano nyingine zinapoishia, wakati mashujaa wameshaoana na kuishi raha mustarehe. Falme zote zimeunganishwa kuwa nchi moja iitwayo Auradon, na waovu wote wametupwa katika Kisiwa cha Waliopotea, ambako uchawi haufanyi kazi. Huko wamezaa na kulea. Mal ni binti wa Maleficent, Evie ni binti wa yule malkia aliyempa Snow White tofaa lenye sumu, Jay ni mwana wa Jafar, na Carlos ni mwana wa Cruella de Vil. Ben, mwana wa Belle na Beast, anakaribia kutawazwa, na amri yake ya kwanza ni kwamba vijana hao wanne waletwe kusoma Auradon pamoja na watoto wa wafalme. Wazazi wao wanawatuma kwa kazi moja tu: waibe fimbo ya Fairy Godmother, yule aliyemvisha Cinderella gauni la dansi.

Chini ya mchezo wote huu kuna swali zito: je, mtoto wa mwovu lazima awe mwovu? Filamu inalibeba kwa mkono mwepesi, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Carlos amelelewa akiamini kuwa mbwa ni mnyama wa kurarua watu. Siku anapokutana na kijibwa cha shule anatimua mbio huku akipiga kelele. Mtazamaji anacheka, na papo hapo anaelewa mama wa namna gani alimlea kijana huyu. Mal naye anampa Ben biskuti iliyotiwa dawa ya mapenzi. Baada ya mechi Ben anashika maikrofoni mbele ya uwanja mzima, anawataka watazamaji wataje jina la Mal herufi kwa herufi, kisha anaimba na kucheza huku msichana mwenyewe hajui aficheje uso wake.

Msomaji aliyekuzwa kwa ngano za bibi, ambamo msimulizi hukatiza maneno akaimba na wasikilizaji wakaitikia, hatashangaa kuona vijana hawa wakiacha mazungumzo na kuanza wimbo. Katika filamu nzuri za aina hii wimbo hausimamishi hadithi, bali huisukuma mbele. Mfano bora uko katika filamu ya pili: kundi la Mal na maharamia wa Uma, binti wa Ursula, wanakabiliana ndani ya meli ili kubadilishana Ben na fimbo, wakijibizana kwa nyimbo huku panga zikiwa mkononi. Ortega aliijua kazi hiyo tangu zamani. Ndiye aliyebuni dansi za Dirty Dancing (1987), na ndiye aliyeongoza filamu zote tatu za High School Musical kuanzia 2006.

Uteuzi wa waigizaji nao una raha yake. Kristin Chenoweth, aliyeigiza mchawi mwema Glinda katika Wicked ilipofunguliwa Broadway mwaka 2003, hapa ndiye Maleficent. Kathy Najimy, mmoja wa wachawi watatu wa Hocus Pocus (1993) iliyoongozwa na Ortega huyohuyo, ni mama yake Evie. Katika filamu ya nne, Brandy na Paolo Montalban wanaigiza Cinderella na mumewe, kama walivyoigiza Cinderella na mwana wa mfalme katika filamu ya televisheni ya 1997.

Kasoro zipo. Picha za kompyuta ni hafifu, hasa joka la mwisho katika filamu ya kwanza, na watu wazima wa Auradon hawakupewa uzito wa kutosha. Hata hivyo albamu ya filamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard 200 mwezi Agosti 2015, na Dove Cameron (Mal) na Sofia Carson (Evie) walijulikana sana kupitia kazi hii.

Cameron Boyce, aliyeigiza Carlos kwa uchangamfu mkubwa, alifariki tarehe 6 Julai 2019 akiwa na umri wa miaka 20 kutokana na kifafa. Filamu ya tatu ilionyeshwa tarehe 2 Agosti mwaka huo. Sherehe ya uzinduzi ilifutwa, na onyesho hilo likatolewa kwa heshima yake.

Anayeanza sasa azitazame kwa mpangilio wa miaka, maana ya pili na ya tatu hazieleweki vizuri bila ya kwanza. Hata hivyo, mwenye nafasi ya filamu moja tu achague ya pili: ndiyo yenye nyimbo na dansi bora kuliko zote.