Vimeng'enya: Kutoka Tumboni hadi Kwenye Damu

Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac nchini Marekani, bunduki ilifyatuka na kumjeruhi vibaya Alexis St. Martin, Mkanada aliyeajiriwa katika biashara ya ngozi za wanyama. Alipona, lakini tundu la tumboni halikuziba. Daktari wake, William Beaumont, alifunga vipande vya chakula kwa uzi wa hariri, akavitumbukiza humo na kuvitazama vikiyeyuka. Kitabu chake cha mwaka 1833 kilionyesha kuwa tumbo hutoa maji yenye nguvu ya kuyeyusha chakula.

Mwaka 1836 Mjerumani Theodor Schwann alitambua katika maji hayo pepsini, kimojawapo cha vimeng'enya, yaani kemikali za mwili zinazovunja chakula. Claude Bernard wa Ufaransa akathibitisha kuwa maji ya kongosho huvunja mafuta, naye Wilhelm Kühne akaeleza tripsini, ivunjayo protini. Likazuka swali zito: vimeng'enya hivi vikiamka vingali ndani ya kongosho, itakuwaje? Mwaka 1896 Hans Chiari alijibu kwamba kongosho linaweza kujimeng'enya lenyewe.

Hata hivyo, kongosho limejificha nyuma ya tumbo, na mara nyingi ugonjwa wake ulibainika kwenye upasuaji au baada ya kifo. Damu ndiyo iliyofungua njia. Mwaka 1929 Robert Elman na wenzake, huko St. Louis, walionyesha thamani ya kupima katika damu amilesi, kimeng'enya kivunjacho wanga. Kipimo cha lipesi, kivunjacho mafuta, kilifuata mwaka 1932.

Kongosho likivimba ghafla, mara nyingi kwa sababu ya vijiwe vya nyongo au pombe, vimeng'enya hivyo hupanda ndani ya saa chache. Amilesi hushuka baada ya siku chache, ilhali lipesi hukawia zaidi. Kiwango kinachofika mara 3 ya ukomo wa kawaida ni dalili nzito. Lakini matubwitubwi, figo dhaifu au utumbo ulioziba pia huweza kuvipandisha, na kongosho lililoharibika kwa miaka mingi huweza kutoa kiwango cha chini. Tena, ukubwa wa namba haupimi ukali wa ugonjwa.

Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa uliorekebishwa mwaka 2012 unataka mambo mawili kati ya matatu ili kuthibitisha ugonjwa huu wa ghafla: maumivu ya tumbo, kipimo cha damu na picha za kongosho. Namba ni shahidi, si hakimu. Ukipata maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, wahi hospitali. Na ukipewa majibu ya maabara, mwombe daktari akueleze maana yake.